Trauti wa Lukonde Wahamishiwa Masanze

Kikao kilichoamua kuwahamisha samaki kilichukua dakika arobaini, na thelathini kati ya hizo zilitumika kumsubiri mwenyekiti. Kilifanyika mjini Kilosa, mtaa wa Mabwerebwere, katika chumba kilichowahi kuwa duka la vitambaa. Ilikuwa mwishoni mwa Juni, mwaka 1975. Hoja yenyewe ilikuwa nyepesi. Watu wa Lukonde, kule juu katika milima ya Ukaguru, walikuwa wamehamishwa Septemba iliyotangulia na kupelekwa Masanze, bondeni, wakaishi pamoja. Mbuzi wao walihama nao. Kuku wao walihama nao. Samaki wao walibaki mlimani. Kwa hesabu ya kikao, samaki walikuwa wamechelewa miezi tisa.

“Samaki ni mali ya wananchi,” alisema Ndugu Theodory, mwenyekiti wa Kamati ya Kitoweo. “Mwananchi yuko Masanze. Mali yake inafanya nini mlimani?”

Wajumbe waliyaandika maneno hayo kwa haraka, kama watu wanaoogopa kwamba yatasemwa mara moja tu.

Ndugu Theodory alikuwa mnene, mwenye sauti ya kutosha watu watatu. Kabla ya kuingia kwenye kamati alikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge, na huko ndiko alikojifunza kwamba kitu kikishapakiwa kwenye lori kimekwisha fika. Hakuna aliyewahi kumwondoa katika imani hiyo.

Lupakisyo aliketi karibu na mlango. Yeye ndiye aliyekuwa bwana samaki, mtaalamu pekee katika chumba kile, na ndiyo maana hakuwa amewekwa kwenye orodha ya wasemaji. Alisimama hata hivyo.

“Ndugu Mwenyekiti, bwawa la Masanze nimelipima mara tisa. Saa nane mchana lina nyuzi ishirini na sita. Trauti ni samaki wa maji baridi. Kule Lukonde anaishi kwenye nyuzi kumi na mbili au kumi na tatu. Ukimtia kwenye ishirini na sita—”

“Atazoea.”

“Hazoei, ndugu. Maji yakipata joto, hewa iliyomo hupungua. Samaki huyu anakosa pumzi, anakufa.”

“Watu wa Lukonde nao walisema hawatazoea,” alisema Ndugu Theodory. “Haya, mwenye kijiji yupo hapa. Mwinshehe, wamezoea hawajazoea?”

Mwinshehe, mwenyekiti wa kijiji cha Masanze, alikuwa mkulima mkavu wa miaka hamsini na kitu, aliyezaliwa palepale bondeni kama baba yake na babu yake. Alivua kofia yake, akaitazama ndani.

“Wanazoea, ndugu. Wanne tumewazika. Waliobaki wanazoea.”

“Umesikia, Bwana Samaki? Tatizo lako wewe kwenu ni Tukuyu. Unapenda baridi, unapenda blanketi, unapenda chai ya saa nne. Usiwasingizie samaki.”

Wajumbe walicheka kwa muda uliomstahili mwenyekiti, kisha wakanyamaza pamoja.

“Mimi sikusomea samaki,” alisema Mwinshehe taratibu. “Lakini lile bwawa tulilichimba sisi. Ikifika saa nane, hata bata wangu hutoka mle majini, huja kulala uvunguni mwa kitanda.”

“Bata si mjumbe,” alisema Ndugu Theodory, na jambo hilo likaishia hapo.

Yaliyobaki yalikuwa ratiba. Siku moja kabla ya Saba Saba mgeni rasmi angefika kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Mikumi. Angelala katika hoteli ya watalii iliyo kandokando ya mbuga, na asubuhi yake angeletwa Masanze. Saa nne angewaona trauti wakiogelea kijijini. Saa saba angewala. Hoteli ya Mikumi ingeshuhudia na kuanza kununua, na Wazungu wanaokuja kutazama tembo wangekula samaki wa Ujamaa. Lupakisyo aliomba wiki tatu tu. Alieleza kwamba huo ulikuwa msimu wa mayai. Kwamba majike sitini yaliyokuwa katika bwawa la juu ndiyo mama wa samaki wote wa Lukonde. Kwamba yakishakamuliwa mayai, kizazi kitabaki hata kama kamati itawachukua mama. Yakifa na mayai tumboni, trauti wamekwisha, na hakuna pa kuwapata wengine.

“Mgeni hawezi kuahirishwa kwa sababu ya uzazi wa samaki,” alisema Ndugu Theodory.

Hapo ndipo palipohitaji mtu wa kupiga ngumi mezani. Lupakisyo hakuwa mtu wa ngumi. Alisema, “Nitawasilisha maelezo yangu kwa maandishi,” akaketi. Aliandika kurasa nne, zikiwa na majedwali mawili na mchoro mmoja. Zilipokelewa, zikapigwa muhuri, zikafunikwa na kurasa za mtu mwingine.

*

Kutoka Msowero hadi Lukonde ni mwendo wa saa saba kwa miguu kwa mtu anayejua njia ya mkato. Lupakisyo aliijua. Aliipanda siku mbili baada ya kikao, akiwa na kipimajoto mfukoni na nakala ya kurasa zake nne kwenye mkoba, kana kwamba samaki wangetaka kuzisoma.

Lukonde ilikuwa imebaki na migomba, kuta zisizo na mapaa, na mama mmoja. Mama huyo aliitwa Gaudiosa. Aliachwa mlimani kwa kibali maalumu, kwa sababu mabwawa yalihitaji mtu na hakuna mwingine aliyeyaweza. Mlowezi aliyewaleta trauti kwa ajili ya kujifurahisha na ndoana aliondoka mwaka 1962. Alichukua mbwa wake sita na kuacha samaki arobaini. Gaudiosa ndiye aliyewalisha mchwa na pumba kwa miaka sita bila kuombwa wala kulipwa na yeyote, mpaka Lupakisyo alipopangiwa kazi huko na kukuta samaki walio hai, jambo ambalo hakuna barua yoyote iliyomtayarisha kulikuta. Kutoka wale arobaini, wao wawili waliwafikisha elfu nne.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umewaambia hapana?”

“Nimewaeleza.”

“Sikukuuliza kama umewaeleza. Nimekuuliza kama umewaambia hapana.”

“Nimewaeleza kwa takwimu, mama. Kwa maandishi.”

Gaudiosa alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa na kuona hakitoshi shati. Kisha akarudi kwenye bwawa la juu. Alipiga magoti kwenye jiwe, akazamisha mikono miwili, akamwinua jike mmoja ndani ya kitambaa kilicholowa. Samaki alikuwa na urefu wa mkono wa mtoto, mgongo wa kijani iliyoiva, madoa meusi, na mstari mwekundu ubavuni. Gaudiosa alimpapasa tumbo kwa kidole gumba.

“Huyu keshalainika. Wako kama kumi hivi wameshalainika. Tuwakamue leo.”

“Barua inasema wahamishwe wote bila kuguswa.”

“Imesema nani?”

“Kamati.”

“Kamati inajua samaki anakamuliwa?”

“Haijui.”

“Basi itajuaje kwamba ameguswa?”

Alichokuwa nacho Lupakisyo ni hofu, na hofu yake ilikuwa imesoma mpaka ikawa na lugha nzuri. Alisema kwamba kuna utaratibu. Alisema kwamba kurasa zake huenda zikasomwa kabla ya lori kuja. Alisema kwamba wakiwakamua wachache kabla ya wakati, wengine watashtuka na kuharibika, jambo ambalo halikuwa kweli na yeye mwenyewe ndiye aliyelifundisha kuwa si kweli.

Gaudiosa alimrudisha jike majini.

“Mwanangu,” alisema, “yule Mzungu alikuwa mlevi, lakini alipokuwa hataki jambo, hata mbuzi walijua.”

*

Lori lilifika tarehe tano Julai jioni, likiwa na mapipa manane, wajumbe watano, karani mmoja na makreti matatu ya bia. Asubuhi ya tarehe sita, saa kumi na mbili, Ndugu Theodory alisimama kando ya bwawa la juu, koti amelivuta mpaka masikioni, akawahutubia watu wanane kuhusu lishe.

Hapo likazuka tatizo la fomu. Karani wa kamati, Rafaeli, hakuwa na fomu ya samaki. Alikuwa na fomu ileile iliyotumika kuwahamisha watu, kwa kuwa ndiyo pekee iliyochapwa. Akaikunjua kwenye ubao wake.

“Jina la mkuu wa kaya?” aliuliza.

Ndugu Theodory alilitazama bwawa bila kupepesa macho.

“Andika yule mkubwa kuliko wote.”

“Jina, ndugu.”

“Andika Trauti.”

“Wategemezi?”

“Hesabu.”

Basi wakahesabiwa. Kila samaki aliinuliwa juu ya maji ili Rafaeli amwone, maana hakutaka kutia saini asichokiona. Baadhi yao alitaka waonyeshwe mara mbili. Lupakisyo alisema kwamba samaki akikaa nje ya maji anaumia. Rafaeli alijibu kwa upole kwamba hata watu wa Lukonde walipanga foleni juani, na hakuna aliyelalamika kwa maandishi.

“Kazi ya mkuu wa kaya?”

“Kitoweo,” alisema Ndugu Theodory.

Samaki wadogo waliachwa nje ya fomu, kwa sababu hawangependeza machoni mwa mgeni. Kamati iliwamwaga kwenye majani ili isije ikasemekana wamebaki nyuma. Samaki elfu tatu na zaidi waliruka-ruka kwenye nyasi mpaka wakatulia. Waliopakiwa walikuwa wakubwa tu, madume na majike, na katika kuwachagua Ndugu Theodory alionyesha kipaji. Kila aliyemwona ana tumbo nene alimnyooshea kidole na kusema, “Huyo ameshiba, mchukue.” Mama wote sitini waliingia kwenye mapipa.

Na kwa kuwa samaki walikuwa wameondoka, kibali cha Gaudiosa nacho kilikwisha. Rafaeli alikuwa na fomu ya pili. Mama aliandikwa, akapandishwa nyuma ya lori na mali zake: godoro la majani, jembe, kuku watatu waliofungwa miguu, na mitungi miwili ya udongo. Mitungi aliizungushia kuvumwani, yale majani laini ya kijani yanayoota juu ya mawe ya mtoni. Wanawake wa mlimani hupakia vyombo hivyo ili visivunjike njiani. Mtungi mmoja aliujaza maji ya mto, kwa sababu hakuamini maji ya huko alikokuwa anapelekwa.

Kamati ilikuwa imekuja pia na barafu. Lupakisyo ndiye aliyeiomba, katika ukurasa wa tatu, na kwa muujiza fulani sentensi hiyo moja ilikuwa imesomwa. Hoteli ya Mikumi ilitoa mabonge mawili, yakafungwa kwenye magunia yenye unga wa mbao. Bonge moja liliyeyuka njiani wakati wa kuja. La pili lilikuwa limelala kwa heshima juu ya makreti ya bia.

“Ndugu Mwenyekiti, barafu ile ni ya mapipa.”

“Samaki wana maji,” alisema Ndugu Theodory. “Sisi tuna nini?”

*

Lori liliteremka polepole, likinguruma kwenye kona. Lupakisyo aliketi nyuma kati ya mapipa na Gaudiosa. Alifanya alichojua kukifanya. Saa mbili alitia kipimajoto, akaandika kumi na tatu. Saa mbili na nusu, kumi na tano. Saa tatu, milima ilipokuwa imebaki nyuma na hewa ya bondeni imeanza kunata mwilini, kumi na nane. Aliandika kwa mwandiko mzuri, kila tarakimu chini ya mwenzake.

Saa nne walifika Msowero. Palikuwa na wafugaji waliochinja mbuzi kwa ajili ya kamati, na meza chini ya kibanda cha nyasi. Ndugu Theodory aliagiza lori lisimame. Dereva alilisimamisha mahali ambapo wajumbe wangeweza kuliona wakiwa wamekaa, yaani juani. Wakashuka na makreti.

Saa nne na nusu kipimajoto kilisema ishirini na moja. Samaki walikuwa wamepanda juu, vinywa nje ya maji, wakifungua na kufunga. Pipa zima lilitoa sauti ndogo kama ya watu wengi wanaonong’ona. Wawili walikuwa wamegeuka matumbo juu. Na chini kabisa, kwenye kitako cha pipa, Lupakisyo aliona punje za rangi ya chungwa, ukubwa wa mtama. Majike yaliyoiva yalikuwa yameanza kuyaachia mayai yenyewe.

“Umeandika?” aliuliza Gaudiosa.

“Nimeandika.”

“Hebu soma.”

“Ishirini na moja.”

“Sasa mimi nifanye nini na hiyo ishirini na moja? Niwape wanywe?”

Lupakisyo alilitazama daftari lake. Jedwali lilikuwa safi. Aliona kwamba lingeendelea kuwa safi mpaka Masanze. Kwamba mstari wa mwisho ungekuwa ishirini na sita. Kwamba pembeni yake angeandika “wamekufa wote” kwa mwandiko uleule, na baadaye watu wa chuoni wangelisifu. Alijidharau kwa namna mpya kabisa, ambayo hata Ndugu Theodory hakuwa amefanikiwa kumdharau.

Alishuka kwenye lori, akaenda mpaka kibandani, akaziondoa chupa mbili zilizokuwa zimeegemea gunia, akalibeba gunia la barafu begani.

“Bwana Samaki,” alisema Ndugu Theodory, mdomo umejaa nyama, “hiyo iweke chini.”

“Hapana.”

“Nini?”

“Hapana, ndugu.”

Neno lilikuwa dogo. Alishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi kulibeba, ukilinganisha na kurasa nne.

Ndani ya lori palikuwa na beseni jipya la kuoshea mikono ya mgeni rasmi, la bati jeupe lenye maua mekundu. Lupakisyo alilichomoa kwenye karatasi yake, akavua shati, akalipangusa ndani mpaka likakauka kabisa. Maji hayatakiwi kugusa mayai kabla ya mbegu za dume. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hukosea. Wakafunika mapipa kwa turubai ili jua lisipige, wakaingia chini yake wote wawili.

Gaudiosa alimwinua jike wa kwanza, akampapasa.

“Huyu tayari.”

Lupakisyo alimshika mkia kwa kitambaa. Mama akatelezesha kidole gumba kutoka kifuani kwenda chini, bila kubonyeza kwa nguvu, na mayai yakatoka kwa mfululizo, yakagonga bati kama mvua ya kwanza. Jike wa pili alikuwa tayari. Wa tatu tumbo lilikuwa bado gumu.

“Bado,” alisema Gaudiosa, akamrudisha kwenye pipa.

Majike yaliyo tayari yalikuwa kumi na saba. Arobaini na matatu hayakuwa tayari, na hakuna anayeweza kumlazimisha samaki kutoa yai lisiloiva. Kila mara Gaudiosa alisema neno hilo hilo, bado, na kumrudisha aliyemshika kwenye maji ya ishirini na mbili, na kila mara sauti yake ilishuka kidogo. Kisha wakachukua madume mawili, wakayakamua juu ya mayai. Gaudiosa aling’oa unyoya kwa kuku wake mmoja, akaukoroga mchanganyiko taratibu, akauosha kwa maji ya mtungi, ambayo udongo ulikuwa umeyatunza na ubaridi wa mto. Wakatandaza kuvumwani katika beseni, juu yake kitambaa, juu yake mayai, kisha kitambaa, kisha kuvumwani tena. Juu kabisa waliweka barafu iliyopondwa kwa kichwa cha jembe.

Walipotoka chini ya turubai, wajumbe wote walikuwa wamesimama kibandani wakitazama.

“Mna nini humo?” aliuliza Ndugu Theodory.

“Mayai,” alisema Lupakisyo.

Ndugu Theodory alisogea, akainua pembe ya kitambaa kwa ncha ya kidole, akaona utelezi wa rangi ya chungwa. Uso wake ulijikunja. Miaka yote ya kuongoza kitoweo, hakuwahi kuuliza samaki anatoka wapi.

“Wamejisaidia kwenye mapipa,” aliwaambia wajumbe. “Na mtaalamu wetu anabeba uchafu wao. Mwacheni aende akautupe mbali. Ila wewe, Bwana Samaki, mgeni atanawia nini?”

“Maji yapo kwenye mapipa, ndugu.”

“Rafaeli, andika. Mtaalamu ameondoka kazini na barafu ya mradi.”

“Na beseni, ndugu?”

“Na beseni.”

Hakuna aliyewafuata. Nyama ilikuwa bado ya moto. Gaudiosa alijitwika beseni, Lupakisyo akabeba mtungi wenye maji, nao wakashika njia ya mkato. Godoro, jembe na kuku viliendelea na safari kwenda Masanze, kwa mujibu wa fomu. Kila walipokuta kijito, walilinyunyizia beseni maji. Hawakuzungumza sana. Mara moja tu, kwenye mteremko mkali, Gaudiosa alisema, “Shati umelisahau,” na Lupakisyo akajibu kwamba anajua.

Walifika Lukonde jua likizama. Mayai yalilazwa kwenye trei za changarawe, chini ya mfereji wa mto, penye nyuzi kumi na moja.

*

Habari za Masanze ziliwafikia baada ya wiki tatu. Zililetwa na Mwinshehe mwenyewe, aliyepanda mlima kwa miguu yake akiwa na barua ya Lupakisyo na jembe la Gaudiosa. Kuku hakuwaleta. Alisema walifia kazini.

Alikaa kwenye jiwe, akanywa maji, akaanza.

“Lori limefika saa tisa. Bado samaki wanatikisika. Wakamwagwa kwenye bwawa, watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama bata wangu: bata yuko uvunguni. Nikasema basi. Ilipofika saa kumi na moja bwawa lote ni jeupe. Matumbo tu, bwana, kama sahani zimeelea harusini.”

“Na mgeni?” aliuliza Gaudiosa.

“Subiri, dada. Theodory akaagiza wafungwe uzi mdomoni, wavutwe na vijana kutoka kila upande, ili mgeni akifika asubuhi aone wanaogelea. Vijana wakawafunga. Usiku ukapita na joto lake. Asubuhi mgeni kafika kutoka Mikumi na suti yake, kasimama ukingoni, kavuta pumzi mara moja, kaomba kuonyeshwa shule.”

Lupakisyo alicheka mpaka akalazimika kuushika ukingo wa mfereji. Gaudiosa hakucheka. Aliuliza, “Walikuwa na mayai tumboni?”

Mwinshehe alivua kofia.

“Walikuwa nayo. Tuliwafukia kwenye shamba la mpunga.”

Kisha akatoa barua. Lupakisyo alikuwa amehamishiwa pwani ya kusini, kusimamia mashamba ya chumvi, aripoti katika siku kumi. Ilifuatana na nakala ya taarifa ya kamati. Taarifa ilisema kwamba uhamisho wa trauti ulifanikiwa kwa asilimia mia moja; kwamba vifo vilitokana na ukaidi wa samaki hao, ambao walilelewa na mlowezi na hawakuwa na moyo wa kuishi pamoja; kwamba Lukonde sasa haina samaki wala mkazi, na kwa hiyo hakuna mtumishi atakayelipwa posho ya kwenda huko tena.

“Chumvi,” alisema Gaudiosa. “Wamejua kukuchagulia.”

“Huko joto ni nyuzi thelathini, mama.”

“Utazoea,” alisema Mwinshehe, na sasa mama naye akacheka.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Lupakisyo alizigawa vizuri. Asubuhi alimwonyesha Gaudiosa jinsi ya kupanua mfereji. Jioni waliondoa mayai meupe yaliyokufa, moja moja, kwa kijiti kilichochongwa, kabla kuvu halijayashika mazima. Nusu yalikuwa yamekufa. Katika nusu iliyobaki, siku mbili kabla ya Mwinshehe kufika, kila yai lilikuwa limepata vidoa viwili vyeusi.

Siku ileile ya barua, kabla hajateremka, Mwinshehe aliinama juu ya trei, kofia mkononi, akavitazama kwa muda mrefu.

“Hivi ni nini?”

“Macho,” alisema Lupakisyo.

“Yote haya?”

“Yote. Baada ya wiki mbili wataanguliwa. Mwaka ujao watakuwa urefu wa kidole. Mwaka wa tatu majike yatataga.”

“Nawe hutakuwepo.”

“Sitakuwepo.”

Gaudiosa aliingiza mkono majini, akatoa yai moja jeupe, akalitupa kwenye nyasi.

“Mwinshehe,” alisema bila kuinua kichwa, “wakubwa wakikuuliza huku mlimani umeona nini, utasema nini?”

Mwinshehe alifikiri. Alivaa kofia yake, akaiweka sawa.

“Nitasema nimekuta mama mmoja anaosha changarawe.”

“Wakikuuliza anaoshea nini?”

“Hawataniuliza, dada. Hawajawahi.”